Lumbesa Kwenye Chesi: Kupima Nguvu za Programu Mbili Bila Kuonea

Kwenye kijiwe chochote cha drafti hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, ubishi wa nani mkali humalizwa kwa mabao matatu. Anayechukua mawili ndiye baba wa siku hiyo, vizibo vinapangwa upya, maisha yanaendelea. Kwa drafti ya jioni hakuna ubaya wowote. Ubaya unaanza utaratibu huohuo ukihamishiwa kwenye kompyuta: mtu anapakua injini mbili za chesi, yaani programu zinazocheza chesi, anazipambanisha michezo 10, moja inapata 6 na nyingine 4, na usiku huohuo anatangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba ile ya kwanza ndiyo kiboko. Matokeo ya 6 kwa 4 hayasemi kitu. Hata 56 kwa 44 hayasemi kitu, hesabu yake iko hapo chini.

Ila uchache wa michezo ni ugonjwa mwepesi, unatibika kwa subira. Mzito ni ule usiopona hata ukicheza michezo milioni. Mnunuzi wa viazi anayejaza gunia la lumbesa hapunguzi dhuluma kwa kununua magunia mengi. Kila gunia linazidi kwa kiasi kilekile, na kadiri magunia yanavyoongezeka ndivyo mkulima anavyopunjika kwa uhakika zaidi. Majaribio ya programu za chesi yana makosa ya aina hizo mbili, bahati na lumbesa. Bahati hufifia michezo ikiongezeka, lumbesa haififii. Ndiyo maana naanza na lumbesa, ingawa watu wengi hukimbilia hesabu za takwimu kwanza.

Lumbesa inaingilia wapi

Tuanze na faili lenyewe la programu. Stockfish, injini maarufu ya bure, hutolewa kwa miundo kadhaa kulingana na prosesa: x86-64-bmi2, x86-64-avx2, x86-64-sse41-popcnt na mingine. Msimbo ni uleule, mwendo si uleule. Tangu toleo la 12 la mwaka 2020, lilipoanza kutathmini nafasi kwa mtandao wa neva uitwao NNUE, tofauti hiyo imekuwa ya kuumiza, kwa sababu hesabu za mtandao ule zinategemea sana maagizo ya prosesa ya aina ya AVX2. Ukiipambanisha injini iliyojengwa kwa avx2 na nyingine iliyojengwa kwa ajili ya mashine za zamani, unapima kazi ya kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa faili la kuendesha) na kuiita chesi. Injini inayokwenda kwa mwendo maradufu hupata bure makumi ya alama za Elo (kipimo cha tofauti ya nguvu kati ya wachezaji) kwenye michezo ya haraka.

Kipimo chake ni rahisi. Fungua dirisha la amri, andika `./stockfish bench`, subiri. Mwishoni zinatoka namba mbili za kutazama: jumla ya nodi (nafasi za mchezo) zilizopekuliwa, na nodi kwa sekunde. Jumla ya nodi ni kama alama ya kidole: msimbo mmoja, ukitumia uzi mmoja (mkondo mmoja wa kazi wa prosesa) na mipangilio ya kawaida, lazima utoe namba ileile kwenye mashine yoyote. Ikitofautiana, basi una matoleo mawili tofauti au jengo lako (faili lililotoka kwa kompaila) lina hitilafu, na hakuna haja ya kuendelea. Nodi kwa sekunde ndiyo mwendo. Rudia mara tano kwa kila faili, chukua namba ya katikati. Injini nyingi za kisasa zina amri ya `bench` ya namna hii. Angalizo moja: mwendo unalinganishwa kati ya majengo mawili ya injini moja tu. Injini mbili tofauti zinahesabu nodi kila moja kwa namna yake, kwa hiyo injini yenye nodi nyingi kwa sekunde si lazima iwe na nguvu zaidi.

Kinachofuata ni Hash, yaani jedwali ambamo injini hukumbuka nafasi ilizokwisha kuzipekua. Pande zote mbili zipate kiasi sawa. Kwa michezo ya sekunde 10 pamoja na nyongeza ya sekunde 0.1 kwa kila hatua, MB 16 zinatosha. Kwa sekunde 60 na nyongeza ya 0.6, MB 64. Hivyo ndivyo wanavyofanya kwenye Fishtest, mfumo wa majaribio wa Stockfish ulioanza mwaka 2013. Usidhani kubwa zaidi ni bora zaidi. Piga hesabu: michezo mitatu kwa pamoja, kila mmoja una injini mbili, kila injini ina GB 1. Hizo ni GB 6. Kwenye kompyuta mpakato yenye GB 4 mashine itaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, na kuanzia hapo unapima diski.

Ponder, mpangilio unaoiruhusu injini kuendelea kufikiri wakati wa zamu ya mpinzani, uzimwe. Injini zote mbili ziko kwenye mashine moja. Ukiuacha, kila moja inamwibia mwenzake prosesa. Kitabu cha ufunguzi cha injini yenyewe kizimwe pia (OwnBook=false), na faili za kujifunzia, kwa injini zinazotunza uzoefu wa michezo iliyopita, zifutwe kabla ya kuanza. Majedwali ya mwisho wa mchezo ya Syzygy, yenye majibu ya uhakika ya nafasi za kete chache, wapewe wote au asipewe yeyote. Ya kete tatu hadi tano yanachukua karibu GB 1, ya kete sita karibu GB 150, kwa hiyo kwa bando zetu mjadala unaishia kwenye tano.

Halafu kuna viini vya prosesa. Kompyuta yenye viini vinne halisi inayojitangaza kuwa na nyuzi nane isikudanganye: endesha michezo mitatu kwa pamoja, kiini kimoja kibaki kwa mfumo wa uendeshaji. Prosesa mpya za Intel zenye viini vya nguvu na viini vya kubana matumizi zina mtego wake, maana mchezo mmoja unaweza kuangukia kiini cha mbio na mwingine kiini cha konokono. Funga jaribio kwenye viini vya aina moja kwa amri ya `taskset`. Kwa simu ni vibaya zaidi, viini vimechanganywa na joto halidhibitiki. Simu ni ya kuchambulia mchezo wako, usiipe kazi ya kupima.

Joto, umeme na wadudu wa ziwani

Hapa kwetu joto linastahili aya zake. Saa nane mchana, chumba cha bati, kompyuta mpakato juu ya kitambaa cha meza: feni inapiga kelele, prosesa inashusha mwendo ili isiungue. Ukitazama kwa `watch -n 5 "grep MHz /proc/cpuinfo"` utaona namba zinateremka hatua kwa hatua.

Je, hiyo ni lumbesa? Inategemea. Injini mbili zikiwa zinacheza zenyewe kwa zenyewe, zinabadilishana zamu kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo joto linawapiga wote sawasawa. Kinachobadilika ni kwamba mchezo unakuwa kama wa muda mfupi zaidi. Hasara, lakini si uonevu. Uonevu unakuja pale injini A inapopimwa dhidi ya wapinzani fulani alfajiri, upepo wa ziwa ukiwa unaingia dirishani, kisha injini B inapimwa dhidi ya wapinzani walewale mchana wa jua kali. Hapo A imepewa mashine yenye kasi kuliko ya B bila mtu yeyote kukusudia. Dawa ni kuzichanganya: A na B ziwe kwenye ratiba moja, zikipokezana raundi kwa raundi.

Ukiwa na Linux, ufungie mwendo wa prosesa kabisa. `cpupower frequency-set -g performance` inaizuia kusinzia. Kwa Intel, kuandika 1 kwenye `/sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo` kunazima ile mbio ya ziada inayopanda na kushuka kwa kufuata joto. Utapoteza kasi kidogo na utapata kasi isiyoyumba, na kwa kazi hii kutoyumba kuna thamani zaidi. Chaja ibaki imechomekwa muda wote, kwa sababu mashine nyingi zinapohamia kwenye betri hupunguza mwendo zenyewe. Umeme ukikatika katikati ya usiku, betri inaokoa jaribio lisife, lakini michezo iliyochezwa gizani ilichezwa kwa kompyuta nyingine kabisa.

Na msimu wa wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi, usiache taa inawaka karibu na mashine inayofanya kazi usiku kucha. Wanafuata mwanga, feni inawavuta, asubuhi matundu ya hewa yameziba.

Kesi ya AlphaZero

Desemba 2017 DeepMind, kampuni ya akili bandia, walitangaza kwamba AlphaZero, programu yao iliyojifunza chesi kwa kucheza yenyewe, imeichapa Stockfish 8 kwenye michezo 100: ushindi 28, sare 72, kupoteza hakuna. Wajuzi wa injini waliguna papo hapo. Stockfish ilipewa nyuzi 64 lakini Hash ya GB 1 tu, na kila hatua ilichezwa kwa dakika moja kamili, iwe hatua ya kufa na kupona au ya kurudisha kete iliyoliwa. Stockfish inajua kugawa muda wake, ni sehemu ya nguvu zake. Ukiipangia dakika moja kila hatua umeikata mkono mmoja.

Desemba 2018 yakachapishwa kwenye jarida la Science matokeo ya pambano jingine, michezo 1,000, saa tatu kwa mchezo na nyongeza ya sekunde 15 kwa hatua, Stockfish ikiwa na viini 44 na Hash ya GB 32. AlphaZero ilishinda tena: 155, ikapoteza 6, sare 839.

Sasa tupige hesabu. Mara ya kwanza AlphaZero ilipata asilimia 64, sawa na tofauti ya Elo 100. Mara ya pili asilimia 57.45, sawa na Elo 52. Je, bahati ingeweza kueleza mporomoko huo? Michezo 100 yenye ushindi 28 na sare 72 inaacha nafasi, kwa uhakika wa asilimia 95, kati ya Elo 68 na 134 hivi. 52 iko nje ya hapo. Kuna kitu kilichobadilika ambacho si bahati, na mashaka yangu makubwa yako kwenye masharti, ingawa si lazima yabebe tofauti yote. Aliyeshinda hakubadilika. Kilichobadilika ni ukubwa wa ushindi, na huo ndio tunaodai kuupima.

Suala la vifaa halikuisha hata hivyo. AlphaZero ilitumia chipu maalumu za TPU, Stockfish ilitumia prosesa za kawaida. Usawa hapo ni upi: bei, umeme unaoliwa, au nini? Swali hilohilo linarudi ukiipambanisha Lc0 inayotaka kadi ya michoro na injini isiyoitaka. Jibu moja sahihi halipo. Kinachowezekana ni kutaja vifaa vyote wazi na kusema "kwa vifaa hivi", bila kuongeza neno.

Michezo ianzie wapi

Injini ya uzi mmoja ni kama santuri, ukiiweka mwanzo uleule inaimba wimbo uleule. Ukicheza michezo 1,000 kutoka nafasi ya kawaida ya kuanzia, unaweza kukuta michezo michache tu iliyorudiwarudiwa na mitetemo midogo ya saa ndiyo pekee iliyoleta tofauti. Takwimu zitadhani una ushahidi wa michezo 1,000.

Kwa hiyo unahitaji faili la mistari ya ufunguzi, tena mirefu ya kutosha kuwa tofauti na mifupi ya kutosha ili injini ndizo zicheze chesi. Nafasi 10 za John Nunn na zile 50 za Albert Silver zilitumika sana zamani. Kwa michezo 100 seti ya Silver inatosha kabisa, kila nafasi mara mbili. Kwa 10,000 haitoshi. Siku hizi faili kama 8moves_v3.pgn lina maelfu ya mistari ya hatua nane, na ndilo la kuanzia kwa injini za nguvu ya wastani.

Kwa injini za juu kuna tatizo jingine: kutoka nafasi zilizo sawa zinatoka sare, sare, sare, na sare haikufundishi nani mkali. Ndipo zikaja seti za UHO za Stefan Pohl, ambazo nafasi za kuanzia zimempa Mweupe faida makusudi, kiasi kwamba mchezo uko mpakani mwa kushinda na sare. Kila nafasi inachezwa mara mbili, injini zikibadilishana rangi. Anayetaka kujua kama mizani ina hila huhamisha jiwe na bidhaa upande kwa upande, aone kama mkono unalala vilevile. Kubadilishana rangi ni kitu hichohicho, na bila kubadilishana, UHO ni lumbesa tupu.

Hesabu ya bahati

Elo inatoka kwenye asilimia ya alama. Asilimia 51 ni tofauti ya Elo 7. 55 ni 35. 60 ni 70. 64 ni 100. 76 ni 200. Karibu na nusu kwa nusu, kila asilimia moja ni kama Elo 7.

Tuseme sare ni asilimia 40. Kwa michezo 100, kiasi cha shaka kwa uhakika wa asilimia 95 ni takriban Elo 53 juu na chini. Yale matokeo ya 56 kwa 44 yanaonyesha Elo 42. Toa 53, unapata hasi 11: injini "iliyoshinda" inaweza kuwa ndiyo dhaifu. Michezo 1,000 inakushusha hadi 17, michezo 10,000 hadi 5. Kupunguza shaka kwa nusu kunataka michezo mara nne, hakuna njia ya mkato.

Kwa kweli ipo moja, ni kuhesabu kwa jozi. Nitaionyesha kwa namba, maana hapa ndipo watu wengi wanaotumia programu nzuri wanasoma matokeo vibaya. Chukua michezo 1,000 kutoka nafasi za UHO, yaani jozi 500. Kila jozi ina alama 0, nusu, 1, moja na nusu, au 2. Fastchess, programu ya kuendesha mapambano ya injini, itakuandikia mstari wa aina hii:

`Ptnml(0-2): [10, 90, 270, 115, 15]`

Jozi 10 injini mpya ilipoteza michezo yote miwili, jozi 90 ilipata nusu, jozi 270 zilitoka sawa, 115 ilipata moja na nusu, 15 ilishinda yote. Jumla alama 517.5 kati ya 1,000, yaani Elo 12. Sasa tuseme kati ya zile jozi 270 zilizotoka sawa, 180 Mweupe alishinda pande zote mbili na 90 zilikuwa sare mbili. Ukiihesabu michezo mmojammoja unapata ushindi 325, sare 385, kupoteza 290, na kiasi cha shaka ni Elo 17: jawabu ni 12 ± 17, hujui kitu. Ukihesabu kwa jozi, shaka inashuka hadi 12: jawabu ni 12 ± 12, uko mlangoni. Michezo ni ileile. Sababu ni kwamba Mweupe akishinda mara mbili kwenye nafasi moja, hesabu ya mmojammoja inaona ushindi na kipigo, vurugu kubwa. Hesabu ya jozi inaona injini mbili zilizo sawa. Faida ya kuhesabu kwa jozi kwenye mfano huu inalingana na kucheza michezo maradufu. Umeme wa usiku mzima, bure.

Amri yenyewe

Cutechess-cli, programu nyingine ya kuendesha mapambano, bado inafanya kazi vizuri, lakini kwa hesabu ya jozi natumia fastchess:

`fastchess -engine cmd=./mpya name=mpya -engine cmd=./zamani name=zamani -each tc=10+0.1 option.Hash=16 option.Threads=1 -openings file=8moves_v3.pgn format=pgn order=random -rounds 5000 -games 2 -repeat -concurrency 3 -recover -resign movecount=3 score=600 -draw movenumber=34 movecount=8 score=20 -sprt elo0=0 elo1=5 alpha=0.05 beta=0.05 model=logistic -pgnout file=matokeo.pgn`

`-repeat` pamoja na `-games 2` ndiyo inayobadilisha rangi kwenye nafasi ileile. `-resign` inamaliza mchezo tathmini ikionyesha upungufu wa angalau senti-kitunda 600 (sawa na vitunda sita) kwa hatua tatu mfululizo, `-draw` inaita sare baada ya hatua ya 34 ikiwa tathmini haizidi 20 kwa hatua nane. Vinaokoa muda mwingi. Lakini kama injini yako bado changa na tathmini yake haiaminiki, viondoe vyote viwili: injini inayojiona imeshindwa wakati haijashindwa itajisalimisha, na wewe hutajua. Mchezo mmoja wa namna hii huchukua kama nusu dakika, kwa hiyo michezo 1,000, mitatu kwa pamoja, ni karibu saa tatu.

Sehemu ya `-sprt` inahitaji maneno. Dhambi ya kawaida kuliko zote ni kuchungulia matokeo kila baada ya muda na kusimamisha jaribio injini unayoipenda ikiwa mbele. Fanya hivyo na hata injini mbili zinazofanana kabisa zitakupa "mshindi" mara nyingi. SPRT, njia ambayo Abraham Wald aliibuni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, inakuruhusu kuchungulia kwa halali. Unatamka mapema dhana mbili, hapa tofauti ya Elo 0 dhidi ya tofauti ya Elo 5, na programu inahesabu baada ya kila jozi ushahidi umeegemea wapi. Namba hiyo inaitwa LLR. Ikifika 2.94, mpya inapita. Ikishuka hadi hasi 2.94, inakataliwa. Ikiwa katikati, unasubiri, hata kama mwenye nyumba anauliza kwa nini LUKU inakwisha mapema.

Mipaka isibadilishwe jaribio likishaanza. Pia Elo inayoonyeshwa SPRT inapopitisha injini huwa imevimba kidogo, kwa sababu jaribio limesimama likiwa kileleni. SPRT inajibu ndiyo au hapana. Ukitaka ukubwa wa tofauti, cheza michezo ya idadi uliyoitaja mapema, mpaka mwisho.

Likiisha, kabla hujafurahi:

`grep -c "time forfeit" matokeo.pgn`

Hii inahesabu michezo iliyoamuliwa kwa saa. Moja au mbili kati ya 1,000 vumilia. Zikifika kumi, jaribio limechafuka: punguza michezo ya pamoja, au ongeza Move Overhead (akiba ya muda kwa kila hatua), ambayo kwa Stockfish huanzia milisekunde 10. Angalia pia "illegal move" na "abandoned". Injini iliyoanguka mara 30 ikaokolewa na `-recover` imepoteza michezo 30 bila kucheza chesi.

Kupima mizani yenyewe

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, na kwangu ndiyo inayotofautisha jaribio na porojo. Kabla ya kupima injini mbili, nakili faili moja uipe majina mawili, uipambanishe yenyewe kwa yenyewe kwa masharti yaleyale, michezo 2,000. Lazima itoke karibu na 50, ndani ya kiasi cha shaka. Ikitoka nje, usianze kubishana na takwimu: huenda kuna upande unaopendelewa, mara nyingi Hash iliyoandikwa upande mmoja tu au Ponder iliyobaki wazi. Kisha fanya kinyume chake: mpe mmoja `tc=10+0.1` na mwingine `tc=5+0.05`. Aliyepewa nusu ya muda lazima apigwe waziwazi. Asipopigwa, mizani yako haisomi.

Kwa anayeandika injini yake mwenyewe kuna nyongeza moja. Toleo jipya kulipiga la zamani hukuza tofauti, maana ndugu wanajuana udhaifu. Baada ya kupita SPRT, lipeleke kwa wapinzani watano au sita wa nje ambao hawazidi wala hawapungui Elo 100 hivi kutoka kwako. Mpinzani anayekupiga asilimia 95 anakula muda na hafundishi. Matokeo ya wengi yapitishe kwenye programu za Ordo au BayesElo upate orodha moja. Nafasi za majaribio kama zile 24 za Bratko na Kopec za mwaka 1982 ni nzuri kwa kugundua kwamba umevunja kitu. Kwa nguvu ya mchezo hazifai.

Usilinganishe namba hizo na za FIDE, shirikisho la chesi duniani, wala orodha moja na nyingine. Elo ni umbali kati ya waliocheza pamoja, haina sifuri yake. CCRL, watunzaji wa orodha ya nguvu za injini, wanapotaja 40/15 wanamaanisha hatua 40 kwa dakika 15 kwenye Intel i7-4770K, na wenye mashine nyingine wanarekebisha muda ulingane nayo.

Ukitoa matokeo, mstari wake uwe hivi: *mpya dhidi ya zamani, 10+0.1, uzi 1, Hash MB 16, Ponder imezimwa, 8moves_v3 kwa jozi, bila Syzygy, michezo 10,000, Elo na ± yake, Ptnml yote mitano, waliopoteza kwa saa wangapi, prosesa gani, turbo imezimwa au la.* Kama umeme ulikatika katikati, taja pia ulivyoendelea. Fastchess huhifadhi hali ya jaribio kwenye config.json na unaweza kuendelea kwa `-config file=config.json`, ukianza upya kwa mkono, hakikisha mistari ya ufunguzi iliyokwisha kuchezwa hairudiwi. Faili la PGN, yaani rekodi ya michezo, lifunge kwa gzip kabla ya kulituma, mwenzako wa Ukerewe anatumia bando.